Mwezi wa Juu ya Tangi

Nyumbani, tarehe 2 Julai

Kwa Injinia wangu,

Pokea salamu zijae gunia zimwagike. Mimi ni mzima, kikohozi kimeshika njia yake. Cherehani nayo ni nzima, mkanda ulikatika nikauunga kwa ngozi ya kile kiatu cha baba yako kisicho na mwenzake. Baba yako hajambo kabisa. Kuku wanataga.

Mwaka huu nimepewa sare za shule mbili. Mbili! Mkuu wa ile shule ya pili alikuja mwenyewe hapa kibarazani, akachukua sketi niliyoimaliza, akaigeuza ndani nje akitafuta kosa. Akatafuta, akachoka. Akaniuliza, "Mama, ufundi huu umeusomea chuo gani?" Nikamwambia, "Chuo ni kiti hiki unachokiona, na mwalimu alikuwa njaa." Alicheka mpaka akaongeza kaptura sitini. Na mimi ni wa darasa la nne tu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha niandike. Sikukuu zinakaribia. Ukiandama mwezi wa saba, huu wa Biblia siyo wa kalenda ya ukutani, baba yako atapuliza baragumu. Siku ya kumi tutafunga, Siku ya Upatanisho. Ya kumi na tano tutaingia kwenye kibanda, tule humo siku saba, halafu ile ya nane tufunge kazi. Watu wananiuliza, mbona nyinyi mnazishika nyumbani, hamna hata mchungaji? Nawaambia mimi na mume wangu tulizisoma wenyewe kwa taa ya mafuta, tukatafuta mahali zilipofutwa, hatukupaona mpaka leo. Basi.

Miaka miwili sahani yako inakaa imefunikwa. Mwaka wa kwanza nilisema kazi. Wa pili nikasema kazi. Mwaka huu uje, mwanangu. Nimeshamwambia kila mteja anayekuja kupimwa, Injinia wangu anakuja. Usinitie aibu.

Mama yako,
Mshonaji wa shule mbili


Karakana, tarehe 25 Julai

Mama, shikamoo. Na Baba, shikamoo.

Barua yako imechukua siku kumi na saba kunifikia. Mimi ni mzima. Tunatengeneza matangi ya maji ya chuma, makubwa kuliko nyumba yetu, na kwa sasa tuna manane yanayosubiri kufungwa vifuniko. Jua huku linachoma kuliko moto wetu. Hongera kwa shule ya pili. Nilijua kosa hataliona.

Kuhusu sikukuu, nilikwenda kwa bosi kuulizia likizo. Akafungua daftari akauliza, "Tarehe ngapi?" Nikamwambia, "Itategemea mwezi." Akasema, "Mwezi gani, wa tisa au wa kumi?" Nikasema, "Hapana, mwezi wenyewe, wa juu. Mama akishauona." Alinitazama kana kwamba nimekunywa petroli. Anataka tarehe, na wewe hujawahi kunipa tarehe maishani mwako. Kwa hiyo sijui. Kazi ni nyingi.

Mama, barua zako tatu za mwisho hazina mstari wa Baba. Kila mara huwa anaandika mmoja kwa penseli chini ya jina lako, hata kama ni "Mvua imenyesha" tu. Mbona siku hizi haandiki?

Na tafadhali usiwasomee wateja barua zangu.

Wako,
Cheche


Nyumbani, tarehe 14 Agosti

Binti yangu,

Sisi wazima, hofu kwako. Kaptura sitini zimekwisha, zimebaki vifungo. Kuku mmoja ameibiwa, au ameondoka kwa hiari yake, alikuwa na kiburi yule.

Barua sikuwasomea wateja. Nilisoma kwa sauti na wao wakawa wapo.

Mstari wa baba yako umekosekana kwa sababu penseli imepotea. Unamjua, anaiweka sikioni halafu anaitafuta nyumba nzima. Ndiyo hivyo tu, usitafute maneno.

Na hilo jina Cheche umepewa na nani? Mimi nilikupa jina zuri la bibi yako, na cheo nimekupa mwenyewe, sasa unajiandikia jina la kuunguza nyumba za watu. Bwana Saa aliliona kwenye bahasha akatabasamu kidogo. Huyu jirani yetu siku hizi amekuwa mtu wa kutabasamu kidogo. Zamani alikuwa akifunga meza yake ya kurekebisha saa anakuja kukaa kibarazani mpaka tumfukuze. Sasa ananiamkia kwa mkono kutoka kwake na kuingia ndani. Watu wazima wana mambo yao.

Kibanda cha mwaka huu kitakuwa kikubwa kuliko vyote. Nimealika watu ishirini, na wote wamekubali, maana wanajua ninavyopika. Mwambie bosi wako sheria ya mwezi si yangu. Wenye kuuona wakiwa wawili tunapuliza, mawingu yakiuficha tunatimiza siku thelathini. Na mwezi wa hapa nyumbani ndio mwezi, siyo wa mji mwingine. Ni rahisi kuliko kupima kiuno cha mtu mnene.

Lakini nikuulize, maana jambo hili linaniuma hata mkasi unakata pembeni ya chaki. Kazi ni nyingi kwa watu wote, na watu wote wanakwenda kwao. Wewe kwa nini huji? Nimekukosea nini?

Mama


Karakana, tarehe 28 Agosti

Mama, shikamoo.

Barua hii nimempa dereva wa lori letu, anayepeleka matangi upande wa huko. Atapita barabara kuu karibu na nyumbani kila safari. Ni mtu mwema, mpe maji. Ukitaka kujibu mpe yeye, tutaachana na posta.

Umeuliza, nami nimeogopa kujibu kwa muda mrefu, kwa hiyo soma peke yako. Funga mlango wa kibarazani kwanza.

Unakumbuka kibanda cha mwisho nilichokaa nanyi? Ulisimama na sinia la wali mkononi, watu wote wamekaa, ukasema, "Huyu ndiye mwanangu, injinia." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, nashika moto kwa kuelekezwa. Nilikutazama nikidhani unatania. Ulikuwa unang'aa, Mama. Nikanyamaza.

Tulipomaliza kula, Bwana Saa akanivuta mkono hadi uani kwake, na wewe nyuma yetu. Akanionyesha jukwaa alilojenga kuwekea tangi lake la maji. Miguu minne ya chuma, myembamba, hakuna hata chuma kimoja cha kukingama katikati kuikaza. Akaniuliza, "Injinia, litasimama?" Nilitakiwa kusema, bwana, mimi ni mchomeleaji, naunga kilichochorwa na wengine, muulize anayejua. Nikakutazama wewe. Nikasema, "Litasimama."

Sasa najua vyuma. Kila siku naunga vya kukingama kwenye miguu ya matangi ya watu nisiowajua, na kila nikiinua kinyago cha kuchomelea naliona lile jukwaa. Nikija nitakaa vipi na Bwana Saa kwenye kibanda kimoja? Wewe ndiye uliyetufundisha tangu wadogo, kabla jua halijazama kuingia Siku ya Upatanisho mtu aende kwa aliyemkosea, aseme kwa mdomo, asijifiche nyuma ya kufunga.

Niambie ukweli. Jukwaa la Bwana Saa bado limesimama?

Na jambo moja nimelibeba miaka hii yote. Fundi wa kuchomelea hakutoshi, Mama?

Cheche


Nyumbani, tarehe 7 Septemba

Binti yangu,

Barua imefika, mlango niliufunga, ndani tulibaki mimi na baba yako tu. Dereva nimempa maji na viazi, anakula vizuri, anafaa kuwa mtoto wa mtu.

Sisi wazima. Joto limeanza. Nimepata sare za kwaya, kitambaa cha zambarau, kinateleza kama samaki. Matawi ya kibanda tutakata kule bondeni. Kuku amerudi, yule wa kiburi, tena na vifaranga saba.

Sina mengi leo. Macho yanauma kidogo kwa hiki kitambaa cha zambarau.

Mama

(Nyuma ya karatasi, kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizopinda:)

LILIANGUKA WAKATI WA MVUA. TULIKUWA TUNALIKAZA. HAKUNA ALIYEKUFA. NI BEGA LANGU LA KULIA. NJOO. BABA.


Karakana, tarehe 15 Septemba

Mama, shikamoo. Baba, shikamoo sana.

Ungeigeuza barua yako ya mwisho kabla haijafungwa, ungeona. Nyuma kuna mstari ambao nadhani hukuuona ulipompa Baba bahasha aifunge. Ameandika kwa mkono wa kushoto. Seremala mzima, Mama! Tangu wakati wa mvua, na wewe unaniandikia kuku.

Nimelia, nimemaliza. Sasa sikiliza, nina habari.

Jana jioni, tarehe kumi na nne, nilikuwa juu ya tangi namalizia ukingo wa kifuniko. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ghala. Niliinua kinyago nijifute jasho, nikauona, mwembamba kama ukucha uliokatwa, juu kidogo ya bati. Nikapiga kelele. Wenzangu watatu wakapanda wakidhani nimeungua. Wote wameuona. Mmoja akaniuliza kwa nini nafurahia mwezi kama sijawahi kuuona, nikamwambia huo kwetu ni baragumu, ukionekana sikukuu zimeanza. Nikashuka na glovu zangu mpaka ofisini. "Bosi, tarehe nimeipata." Akacheka, akafungua daftari, akanipa wiki mbili.

Kwa mwezi nilioona mimi, kufunga kunaanza tarehe ishirini na tatu jua likizama, na vibanda vinaanza ishirini na nane jua likizama. Kufunga nitafungia huku. Nataka kuja kwa vibanda na lori. Bosi amenipa mabaki ya vyuma vizuri. Nimekwisha kukata miguu minne ya jukwaa jipya la Bwana Saa, na vyuma vya kukingama pande zote, na mchoro amenichorea injinia wa kweli, tumeukagua naye mara mbili. Na fremu ya kibanda nimeiunga vilevile, matawi yatalala juu yake, Baba asiinue kitu.

Lakini Mama, siwezi kushuka kwenye lori nikaitwa injinia tena. La kwangu nitamwambia Bwana Saa mwenyewe. La kwako liseme wewe, kabla sijafika. Dereva akirudi bila neno lako, nitampa avilete vyuma peke yake.

Cheche


Nyumbani, tarehe 24 Septemba, jua limezama, nimekula ndizi moja tu nikakimbilia kalamu

Mwanangu,

Lori lenu lilivunjika ekseli njiani, siku sita! Dereva kafika jana saa kumi alasiri, amejaa grisi mpaka kwenye nyusi, barua yako kaificha ndani ya kofia. Mimi nilikuwa nimebandika maharage. Huku kwetu jioni ile ya kumi na nne kulikuwa na mawingu mazito kama blanketi, tukatimiza thelathini, tukapuliza siku moja nyuma yako. Kwa hesabu yetu kufunga kulikuwa kesho yake jioni. Ndiyo maana maharage.

Nikasoma. Kwanza nilitaka kuigeuza ile karatasi ya zamani nihakikishe. Sikuwa nayo tena, ulikuwa nayo wewe. Basi nikamgeukia baba yako. "Uliandika?" Akasema, "Niliandika." "Kwa kushoto?" "Kwa kushoto." Miaka thelathini na mbili mume wangu hajawahi kunizunguka, na amenizunguka kwa penseli niliyokwambia imepotea. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Halafu akasema, "Zima jiko. Kufunga ni leo."

Nikasema, "Mwezi wa hapa ndio mwezi! Tumeutimiza kwa sheria."

"Mashahidi wawili wanatosha. Hawa ni wanne."

"Watatu ni wachomeleaji wasioijua hata Sabato!"

"Na wa nne?"

Baba yako haongei sana, lakini akiongea ni kama msumari, unaingia mara moja. Akasema tena taratibu, "Wa nne ni mwanao. Miaka yote hii unamwambia kila mtu uwongo juu yake na wakaamini. Leo kasema jambo la kweli, wewe mwenyewe humwamini?"

Nilizima jiko. Maharage yakabaki nusu mbichi, leo yamekuwa mawe. Tukaukubali mwezi wako. Nikatazama nje, jua limebakiza kama saa moja na robo.

Sasa nikuambie ukweli, maana leo nimeshiba ukweli. Kufunga si kazi, kujifunga mdomo ndiyo kazi, na kuufungua ndiyo zaidi. Kutoka kibarazani kwetu hadi meza ya Bwana Saa ni hatua ishirini na sita, nilizihesabu nikipunguza mwendo. Alikuwa ameinama na kile kioo chake jichoni, saa imefunguliwa kama samaki. Nikasema, "Bwana Saa, jua linazama, nimekuja na neno." Akasema, "Mama Injinia, karibu."

Jina hilo likanichoma. Nikasema yote nimesimama. Nikasema mwanangu si injinia. Nikasema ni fundi wa kuchomelea, na siku ile alikuwa bado mwanafunzi. Nikasema mimi ndiye niliyempa cheo, kwa sababu watoto wa watu wana vyeo na wangu ana makovu mikononi, nikaona haya mbele ya wageni. Nikasema jukwaa lako lilianguka kwa mdomo wangu, na bega la mume wangu pia.

Alitoa kioo jichoni. Akasema, "Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mtoto aliponiambia litasimama, alikuwa anakutazama wewe, hakulitazama jukwaa. Mimi hutazama vitu vidogo kazini. Niliona."

"Sasa ukaliacha kwa nini?"

Akainamia meza. Akasema fundi wake wa kwanza alimwambia aweke vyuma vya kukingama, yeye akaona ni kubembelezwa anunue zaidi, akatafuta mtu wa kumwambia anachotaka kusikia. Akampata. "Na aliyeumia ni mumeo, aliyekuja kunisaidia bila kuitwa. Ndiyo maana siwezi kukaa kibarazani kwenu. Nakaaje na bega lile mbele yangu?"

Kumbe wote tulikuwa tunalikimbia bega moja! Baba yako mwenye bega ndiye pekee asiyekimbia. Bwana Saa alivuka hatua zile ishirini na sita kabla jua halijaisha, walishikana mikono, ya kushoto. Sijui walisemezana nini, nilikuwa nahangaika na kulia.

Kibanda sitakudanganya, hakipo. Wiki iliyopita nilijaribu kukijenga mwenyewe, nimepima kwa futi ya kushonea, nimefunga fito kwa uzi wa kaptura. Kilisimama vizuri mpaka kuku akatua juu yake.

Umeniuliza kama fundi hanitoshi. Nimekaa na swali hilo siku nzima na tumbo tupu. Mimi mwenyewe ni fundi. Sijawahi kumwambia mtu mimi ni mbunifu wa mavazi, ningeona ni matusi kwa kiti changu. Kilichonitosha kwangu, nikaona hakikutoshi wewe. Nisamehe, mwanangu. Neno langu ndilo hilo, dereva ananisubiri, ataliweka kofiani. Panda lori.

Mama yako,
Mshonaji

(Kwa penseli, mbele ya karatasi:)

KOTI LANGU LIMETUNDIKWA MLANGONI, NITAKUSUBIRI BARABARANI.


Nyumbani, tarehe 18 Oktoba

Kwako Cheche,

Ndiyo, nimeandika. Nimelijaribu jina hili kwa sauti asubuhi nzima nikishona, limenizoea. Salamu kutoka kwetu wote wazima, na kuku na vifaranga sita, wa saba sitaki kumzungumzia. Nashukuru umefika salama huko.

Tangu uondoke uani ni kweupe. Matawi tumeyashusha, fremu yako baba yako ameikunja na kuiweka darini, akaipaka mafuta kwenye bawaba kwanza, kwa mkono wa kulia! Polepole, lakini wa kulia. Mnyoosha viungo kule zahanati anasema akiendelea na yale mazoezi ya kamba atashika randa.

Kuna jambo hukuliona, nikusimulie. Jioni ile kabla lori halijaonekana, wale ishirini walikwisha fika, wamekaa uani penye kibanda kisichokuwepo, wanatazamana. Nikasimama mbele yao mikono mitupu, bila sinia, maana sinia linanipa kichwa kikubwa. Nikasema, "Jamani, mwanangu anakuja. Ni fundi wa kuchomelea. Aliyesema injinia ni mimi, na nilisema uwongo." Yule mama wa sare za kwaya akauliza, "Sasa kibanda kiko wapi?" Nikamwambia, "Anakuja nacho, kwenye lori, amekichomelea mwenyewe." Mzee mmoja nyuma akasema, "Injinia angeleta karatasi." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na ndipo tukasikia honi, na baba yako kule barabarani anapunga koti kama anayeongoza ndege itue.

Yaliyofuata uliyaona. Robo saa kimesimama! Watu walikuwa hawajamaliza kukunja mikono ya mashati. Siku ile ya nane ulipokuwa uani kwa Bwana Saa na kinyago chako, cheche zinaruka, nusu ya mtaa ilikuwa ukutani inachungulia kwa mbali, nami nikawa nawakataza, "Msitazame moto, mtaharibu macho, hiyo ni kazi ya wenye kinyago!" Hapana, nakosea, siku ya nane hatufanyi kazi. Ilikuwa kesho yake. Nisiharibu ukweli na mimi nimeanza juzi tu kuuzoea.

Sasa lenyewe. Ulisema zege la miguu likae siku saba kabla ya kuweka maji, na ukaondoka. Bwana Saa alisubiri kumi. Jana akafungulia. Wote tulikuwepo. Maji yalipanda taratibu, ile sauti ya tangi ikabadilika, mwanzo kama ngoma, mwisho kama mtu aliyeshiba. Bwana Saa ameshika saa yake mkononi, sijui alikuwa anapima nini. Lilipojaa likamwagika juu kidogo, watu wakarudi nyuma hatua moja.

Mimi nikaenda mbele. Nikaingia chini yake, katikati ya miguu minne, nikasimama. Baba yako akaita, "Wewe mwanamke, toka huko!" Nikasema, "Sitoki." Nikanyoosha mkono nikashika kile chuma cha kukingama, pale ulipounga, mahali panapofanana na kovu lililopona. Pamelala sawa kama pindo. Nakwambia kama mshonaji wa shule mbili na kwaya moja, pindo lile sijaliona kwa mtu mwingine, hakuna mchomeleaji wa kukufikia kutoka hapa mpaka unakoishia mwezi, na hilo nimemwambia kila mteja, na safari hii mtu akitaka kuhakikisha namleta uani kwa Bwana Saa namwambia, haya, shika.

Mwakani ukiuona mwezi kwanza, utume habari. Tutapuliza kwa jicho lako.

Mama yako

LIMESIMAMA. BABA.